Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Watu wengi wakikaribia chumba cha kufulia cha hospitali huziba pua kabla hawajafika mlangoni. Mama Povu aliingia humo akiwa msichana mbichi, na sasa ana wajukuu. Kazi yake ilikuwa kupokea mashuka machafu kutoka wodini, kuyachambua, kuyaloweka, kuyaingiza mashineni, kisha kuyapiga pasi na kuyakunja. Kuchambua ndiko kulikowashinda wengine. Shuka la mgonjwa halifichi kitu. Lina damu, lina usaha, lina matapishi, na lina mengine ambayo mtu mzima hayataji watu wakiwa wanakula. Wasichana wapya waliletwa wakavaa glovu mbili mbili na barakoa juu ya barakoa, na kabla ya saa ya chai wengine walikuwa nje wameinamia mtaro. Mama Povu aliwashika paji la uso, akawapelekea maji, akawapigapiga mgongoni, akarudi kwenye rundo lake huku akiimba chini chini. Hakuwa mtu wa kinyaa. Alikuwa akisema kwamba uchafu wa mwili hauna kosa. Mwenye mwili hakuutaka, na ukipata maji ya moto na sabuni unashika njia yake.

Jina la Povu alipachikwa na wenzake siku mashine ilipokorofisha na povu likafurika chumba kizima, likatoka mlangoni, likafuata korido mpaka ofisi ya mganga mkuu, naye yumo katikati anatembea kama mtu aliye mawinguni, anatafuta swichi kwa kupapasa. Watu walivunjika mbavu. Jina likamganda, na hata kwenye karatasi ya zamu msimamizi wake alikuwa akijisahau akaliandika.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la hospitali hiyohiyo. Alifariki watoto wakiwa bado wadogo, binti mmoja na mvulana mmoja. Mama Povu aliwalea kwa mshahara wa ufuaji na kwa mashati ya majirani aliyoyafua siku zake za mapumziko. Binti aliolewa, mvulana akapata kazi ya umeme mji wa mbali, na yeye akabaki katika nyumba ya vyumba viwili, mtaa wa pili kutoka hospitali.

Deni lililokuja kumtesa lilianzia kwa huyo binti. Miaka mingi nyuma, wazazi wa kijana aliyetaka kumwoa walipotuma salamu kwamba wanakuja kujitambulisha, Mama Povu aliona haya kuwakalisha wakwe watarajiwa kwenye viti vya plastiki. Akaenda duka la samani akachukua seti ya makochi ya rangi ya damu ya mzee, alipe kidogo kidogo kila mwezi. Wakwe wakaja, wakakaa, wakayasifia makochi kuliko hata binti mwenyewe. Naye akalipa bila kukosa. Zilipobaki awamu tatu, alikwenda na pesa zake mkononi akakuta mlango wa duka umefungwa kwa mnyororo na vioo vimebandikwa magazeti kwa ndani. Kinyozi wa jirani akamwambia mwenye duka kafilisika na katoweka, hata wafanyakazi wake wanamtafuta. Mama Povu alirudi tena, na tena. Mwisho pesa zile zikaingia kwenye karo ya mvulana. Makochi yenyewe yalitobolewa na springi zake, yakatolewa nje, na la mwisho likawa kitanda cha mbwa wa jirani.

Kwa hiyo simu ilipokuja, baada ya miaka yote hiyo, ilimkuta hata hakumbuki vizuri yalikuwa ya rangi gani. Alikuwa anakunja shuka na mwenzake, kila mmoja kashika ncha zake. Akaibana simu kwa bega. Ilikuwa sauti ya kijana, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. Ikamwita mama yangu mpenzi. Ikataja majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, ikataja mtaa wake, na ikataja shule anayosoma mjukuu wake wa kwanza, kama salamu tu. Kijana akasema anapiga kutoka kampuni ya kukusanya madeni, na kwamba kampuni hiyo imenunua madeni yote ya lile duka la samani.

Kosa la Mama Povu, kama ni kosa, ni kwamba hakukataa. Alifurahi hata. Akamweleza mwenzake kwa ishara kwamba ni habari njema. Akamwambia kijana kwamba ni kweli, zilibaki awamu tatu, alizipeleka akakosa wa kumpokea, na mwisho wa mwezi atazilipa zote kwa mkupuo. Kijana akacheka kidogo. Akamsomea hesabu: riba, adhabu ya kuchelewa, gharama za kumtafuta, gharama za simu hiyo wanayozungumza. Jumla yake ingenunua seti mpya kwake, kwa binti, na kwa wakwe wote wa pande zote. Mama Povu akaomba karatasi inayoonyesha hayo. Kijana akaahidi kuituma, na haikuja kamwe. Kabla ya kukata akasema jambo ambalo mama huyo alilirudia mara nyingi baadaye.

"Makochi uliyakalia, mama yangu mpenzi. Sasa ni zamu ya deni kukukalia wewe."

Toka siku hiyo simu hazikukoma. Akizuia namba moja wanapiga kwa nyingine. Mara ni mwanamke mwenye sauti kavu, mara ni mzee anayejifanya mtu wa mahakamani, na kila baada ya hao anarudi yuleyule kijana kumpoza, kama mtu anayepaka dawa kidonda alichokichokonoa mwenyewe. Walimpigia msimamizi wake. Huyo alikuwa mtu muungwana. Akamwita pembeni, akafunga mlango, akamuuliza kwa upole kama ameingia kwenye michezo ya kubahatisha. Walimpigia mkwewe wa kike, mama wa yule kijana aliyemwoa binti, wakamwuliza anajisikiaje kuwa na undugu na wezi. Mama Povu aliomba radhi kwa watu ambao hakuwakosea, mpaka ulimi ukachoka. Wenzake wakimuuliza ana nini, alijibu kwamba anajikaza kisabuni, na wote wakacheka kwa sababu ya kazi yao, na yeye akacheka nao.

Kisha yule mwanamke mwenye sauti kavu akampigia wakati wa chakula cha mchana na kumuuliza kwa nini analia hana kitu, wakati anafanya kazi hospitali. "Huko si kuna maiti kila siku? Hawaachi pete, hawaachi hereni?"

Mama Povu aliitazama sahani yake. Alikuwa ameshika mashuka ya maiti zaidi ya anavyoweza kukumbuka, na kila lililokuja na pete au shilingi iliyosahaulika kwenye pindo, aliipeleka ofisini kwa mkono wake. Akakata simu. Aliifunika sahani, akaisukuma mbali. Mtu aliyekuwa anakula mkate huku rundo la wodi ya upasuaji likimsubiri, siku hiyo alishindwa kumeza, na mate yakawa machungu kama ya mwenye homa. Jioni akaanza mtindo mpya: akiingia kazini anaizima simu na kuifungia kabatini.

Ndiyo maana asubuhi ya siku ile hakujua kwamba amekufa.

Tangazo lilikuwa na picha yake ya kitambulisho, imewekewa fremu nyeusi, pembeni mshumaa unawaka na maua meupe. Chini yake familia ilisikitika kutangaza kifo cha ghafla cha mpendwa wao, ikataja mahali alipofanya kazi, na ikaomba ndugu, jamaa na marafiki watume rambirambi kwa namba ifuatayo, kwa jina la mweka hazina wa familia. Lilitumwa kwa kila mtu anayemjua. Namba hizo walizipata wapi, hakufahamu. Baadaye aliambiwa kwamba siku hizi namba za watu huuzwa kwa mafungu kama nyanya. Walioliona walimpigia simu, na simu yake ikawa imezimwa, kama simu ya mtu aliyekufa inavyotakiwa kuwa.

Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi alikuwa ameshatuma mchango wake. Akashuka chumba cha kufulia kuwapa pole wafuaji, macho yamemvimba, akamkuta marehemu anapiga pasi. Hakupiga kelele. Alikaa chini, palepale sakafuni kwenye maji, na sare yake nyeupe. Mama Povu alidhani presha imemshuka, akamkimbilia, na kadiri alivyomkaribia ndivyo muuguzi alivyozidi kurudi nyuma kwa makalio. Wenzake wengine, ambao nao simu zao zilikuwa kabatini, ndio waliomnyanyua na kumsikiliza, na kuichukua simu yake kutoka mkononi. Wakaipitisha simu hiyo mkono kwa mkono. Ilipomfikia Mama Povu alijitazama, na mshumaa, na maua. Aliona wamempaka weupe kidogo usoni, ili apendeze.

Alipoiwasha simu yake ilitetemeka mezani mpaka ikakaribia kuanguka. Binti alikuwa ameshapanda gari, analia njia nzima, mumewe kamshikilia. Mwana alikuwa anaomba ruhusa kazini. Kaka yake, mkubwa wake aliyemtangulia kuzaliwa, mzee anayesumbuliwa na magoti, alikuwa naye ameshaingia njiani. Mama Povu alimpigia. Kaka akapokea, akasikia sauti, akasema kwa ukali kwamba yeyote anayechezea simu ya marehemu aogope. Alipomwambia ni yeye, kaka hakukubali. Alitaka athibitishe.

"Kama ni wewe, nani alikuvunja jino utotoni?"

"Ni wewe. Kwa mpini wa jembe. Ukawaambia wazazi nimeteleza."

Kisha mzee akaangua kilio mbele ya abiria wote, na kondakta akachukua simu kumuuliza Mama Povu mzee huyu kapatwa na nini.

Msimamizi alimpa ruhusa aende nyumbani kuwapokea watu. Alikuta mlango wazi. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa akiba, aliopewa kwa ajili ya dharura. Alikuwa chumbani. Kabati lilikuwa wazi na kitandani palikuwa na furushi kubwa: vitenge vya wax ambavyo havijakatwa, mashuka mazuri ya wageni, pasi, saa ya ukutani, na sufuria mbili zilizofungwa kwa taulo zisigongane. Wifi alipomwona mlangoni hakupiga ukelele wala hakuzimia. Alibaki mdomo wazi, na mkono wake ukawa bado unafunga fundo. Miguuni alivaa viatu vipya vya Mama Povu, ambavyo mwenyewe alikuwa hajavivaa hata siku moja.

Mama Povu alivitazama viatu.

"Vinakubana?"

"Kidogo," akasema wifi.

Ni baada ya hapo ndipo wifi alipoanza kulia na kujieleza, kwamba alikuja kuviweka vitu salama kabla watu wa nje hawajaingia, kwamba nyumba ya msiba haina mwenyewe, kwamba alitaka kumvalisha marehemu kiatu kizuri. Mama Povu hakugombana naye. Alimkalisha, akamletea viatu vyake vya zamani kutoka mlangoni. Lakini chai aliyojimiminia aliisukuma mbali, kama alivyoisukuma sahani siku ile ya chakula cha mchana. Huyo wifi alikuwa amemuuguza vidonda vya tumbo kwa majuma, amemwogesha, amemlisha kwa kijiko. Na katika mchango wa rambirambi, kama alivyokuja kujua, wifi hakuwa ametuma hata senti.

Nyumba ikajaa. Wengine walifika na kuni na vyombo, wengine na vitambaa vyeusi, wakamkuta anagawa chai. Haikuwa msiba na haikuwa sherehe. Watu walimshika mikono, wakamfinya mabega, wakacheka kwa sauti za ajabu, na watoto wakaambiwa wamsalimie bibi wakagoma. Binti hakuondoka ubavuni pake. Kaka alipofika alimtazama mdomoni kwanza, kwenye pengo la jino, ndipo akamkumbatia.

Katikati ya hayo simu ikaita. Mama Povu alikuwa na mikono imelowa, akamwambia binti aipokee kwa spika. Ilikuwa sauti laini.

"Mama yangu mpenzi, pole na msiba," ikasema. Kijana akaeleza kwamba rambirambi zimepokelewa na zimeingizwa kwenye deni lake, na akataja zilizobaki. Kisha akasema, kama anayempongeza mtu: "Watu wanakupenda sana, mama. Ungekufa mapema, haya tungekuwa tumeyamaliza zamani."

Chumba kizima kilisikia. Mama Povu aliifuta mikono yake kwa pindo la kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akatoka nje nyuma ya nyumba, penye jiwe la kufulia, na hapo akatapika kila alichokuwa nacho, mpaka akabaki anatapika upepo. Binti alimshika paji la uso kama yeye alivyowashika wale wasichana wapya.

Mkwewe, yaani mume wa binti, alikuwa karani wa posta, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyeitafuta anuani ya kampuni, na siku iliyofuata wakaenda watatu: Mama Povu, kaka yake, na huyo mkwe. Kampuni ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Mlango haukuwa na kibao. Ndani kulikuwa na zulia lililolowa maji ya kiyoyozi siku nyingi, likawa linatoa harufu ya soksi, na madawati yaliyopangwa kwa safu, kila moja na kijana mwenye kipaza sauti mdomoni. Wote walikuwa wanaongea kwa wakati mmoja. Ukisimama pale ulisikia matusi na mabembelezo yamechanganyika kama maji ya mtaro: hapa mtu anatishiwa kufungwa, pale mtu anaulizwa hali ya mtoto wake mgonjwa. Makopo ya soda yalikuwa yamejaa vipisi vya sigara. Ukutani kulikuwa na kengele, na kila aliyefanikiwa kumlipisha mtu aliinuka kuigonga, na wenzake wakampigia makofi bila kuacha kuongea.

Mkuu wao alikuwa mwanamke wa makamo, amejipamba, ana tabasamu lisilopungua wala kuongezeka. Aliwakaribisha, akamletea Mama Povu maji kwenye glasi yenye alama ya rangi ya midomo ya mtu mwingine. Alisema anasikitika. Alisema kuna kijana alizidisha bidii, na kwamba ameshaonywa. Alipoombwa kurudisha rambirambi za watu, alisema zimeshaingia kwenye mfumo na mfumo hautoi. Alipoombwa basi aandike kwamba deni limekwisha, kwa kuwa rambirambi zilizidi awamu tatu mara nyingi, alisema hizo zimelipa gharama tu, deni lenyewe halijaguswa. Lakini kwa huruma yake angemfutia nusu, ikiwa Mama Povu ataweka sahihi kwamba ameridhika na huduma. Kaka akauliza huduma gani. Mwanamke akatabasamu vilevile.

Wakati kaka na mkwe wanabishana naye, Mama Povu alisikia nyuma yake mtu anasema mama yangu mpenzi.

Aligeuka. Kijana alikuwa mwembamba, shingo ndefu, ameshika yai la kuchemsha na maganda yametapakaa juu ya vibonye vya kompyuta. Alimeza, akasema neno tamu, akauma tena. Chembe za kiini zilimruka mdomoni alipokuwa anambembeleza mtu huko aliko. Mama Povu aliyatazama haya kama mtu anayetazama shuka kabla hajaamua aliloweke wapi. Lakini kilichomshika macho ni shati. Lilikuwa jeupe, la bei ndogo, na kola yake ilikuwa imesuguliwa kwa mkono, kwa mswaki wa kufulia, na mtu mwenye subira. Pasi ilikuwa imepita hata chini ya vifungo. Akaenda akasimama mbele yake. Kijana akaweka mkono juu ya kipaza sauti.

"Shati hilo anakufulia nani?"

Kijana aliitambua sauti yake. Ilionekana kwenye koo lake, jinsi yai lilivyokwama.

"Mama," akasema.

"Anajua unafanya kazi gani?"

"Anajua niko benki."

Mama Povu alingoja aone huruma. Alikuwa mwepesi wa huruma, hata kwa walevi waliomtapikia magauni. Alingoja, na huruma haikuja. Kilichokuja ni kumfikiria mwanamke asiyemjua, ameinama juu ya beseni, anasugua kola ya mwanawe kwa fahari, na mikono yake iliyochubuka na sabuni inalisafisha shati liende kukaa humu ndani. Aliona kama anaona mtu anafunga kidonda kilichooza kwa bendeji safi. Wakati huohuo mtu akagonga kengele na vijana wakapiga makofi, na yule kijana, kwa mazoea, naye akainua mikono yake akapiga makofi mawili kabla hajajikumbuka.

"Twendeni," Mama Povu akawaambia wenzake. "Nikikaa zaidi nitawachafulia zulia."

Chini, kwenye bomba la duka la magodoro, kaka yake aliosha mikono bila kuambiwa, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Kituo cha polisi walikwenda wengi: familia, yule muuguzi, msimamizi wa ufuaji, na kila aliyetuma mchango na akaweza kuacha shughuli zake. Askari wa mapokezi alidhani ni maandamano. Akachukua kalamu, akauliza lalamiko, akaambiwa ni rambirambi za uongo. Akauliza marehemu ni nani.

"Ni mimi, afande," akasema Mama Povu.

Askari alicheka mpaka akavua kofia. Wenzake wakatoka vyumba vya ndani kuja kumwona. Lakini walipoonyeshwa tangazo, na walipogundua kwamba kila aliyesimama pale ametapeliwa kivyake na ana ushahidi kwenye simu yake, kicheko kiliisha, akaitwa mpelelezi. Huyo alikuwa mwanamke kijana, hakucheka tangu mwanzo. Ndiye aliyegundua kwamba kampuni ile haikuwa imenunua deni lolote. Mfanyakazi mmoja wa zamani wa duka la samani, alipokosa mishahara yake, aliondoka na mafaili ya wateja, na miaka mingi baadaye akayauza kwa bei ya kutupa. Hata zile awamu tatu, Mama Povu asingekuwa amezilipa kwa mwenye haki nazo.

Polisi walipopanda ghorofa ya tatu walikuta zulia na nyaya tu. Mwanamke wa tabasamu alikamatwa baadaye mtaa mwingine, akiwa na madawati yaleyale na jina jipya. Alifikishwa mahakamani, na kesi ikaahirishwa, na ikaahirishwa tena. Shahidi hayupo, faili halionekani, hakimu yuko likizo. Vijana wake hawakutafutwa sana. Pesa hazikurudi. Mama Povu alihudhuria mahakamani kila alipopata ruhusa, kisha mpelelezi akahamishwa, na aliyemrithi hakuwa hata na habari kwamba kuna mtu aliyekufa akafufuka. Akaacha kwenda. Akasema amechoka kuoga kila akitoka huko.

Simu zilikoma, hilo lilikuwa faida. Lakini alibaki na jambo lililomnyima raha: watu wametoa pesa zao kwa jina lake. Wote walimwambia asahau. Yeye hakusahau. Alirudia kufua mashati ya majirani, kazi aliyoiacha watoto walipokua, na kila mwezi akamrudishia mmoja au wawili. Muuguzi alikataa katakata, akasema kile kilikuwa kiingilio cha kumwona marehemu anapiga pasi. Kaka alizipokea akampa binti. Mfagiaji mmoja wa kike, mtu ambaye Mama Povu alikuwa akimsalimia tu koridoni, alikuwa ametuma kiasi ambacho kwa mshahara wake kilikuwa kikubwa kuliko cha ndugu wengi. Aliporudishiwa alizihesabu pale pale, akashukuru, akasema alikuwa amezikopa. Mama Povu aliingia chumba cha kukaushia nguo, akalia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze.

Wifi alikaa mbali miezi kadhaa. Aliporudi alikuja na mkungu wa ndizi na vile viatu, ambavyo kumbe siku ile aliondoka navyo mkobani katika vurugu. Vilikuwa vimepanuka. Mama Povu alimkaribisha, akampikia, wakazungumza habari za watoto. Ufunguo wa akiba hakumpa tena, na wifi hakuuliza. Viatu aliviloweka, akavisugua ndani na nje, akavianika jua la siku nzima, na bado hakuweza kuvitia mguuni. Aliviacha getini kwa yeyote apitaye.

Hayo mengine yalimpita. Kazini alirudi kuwa yule yule, anachambua, anaimba, anawashika mapaji wasichana wapya. Simu ndiyo aliyobaki nayo ugomvi. Ikiita, hata kama ni binti, hata kama ni mjukuu anayetaka kumsomea shairi la shule, kwanza aliifuta kwa pamba yenye spiriti, mbele na nyuma, akangoja ikauke, ndipo akaiweka sikioni. Mara nyingi aliyepiga alikuwa ameshakata.